Hadithi za Usiku na Uvumi wa Mchana

Kila mwaka, mwezi Oktoba unapokaribia kwisha, picha za maboga yaliyochongwa macho na meno huanza kuzagaa katika simu za vijana wetu. Hapo awali mambo hayo yaliishia Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, katika mahoteli na katika shule zinazotoza karo kubwa. Siku hizi yamefika hata Kiruruma, mkoani Kagera, katika nchi ile ya migomba na mibuni iliyokuwa wilaya moja ya Karagwe kabla Kyerwa haijawa wilaya inayojitegemea mwaka 2012. Hayakuletwa na basi wala na mhubiri. Yameletwa na simu.

Mwandishi wa makala hii alikuwa huko jioni moja ya majira hayo, ameketi uani kwa mzee mmoja pamoja na walimu wawili na karani mstaafu wa serikali. Mwalimu mmoja, ambaye bado ni kijana, alieleza kwamba wanafunzi wake wamemwomba ruhusa ya kujipaka unga usoni na kuvaa magunia tarehe 31, kama walivyoona katika simu. Yeye haoni ubaya, mradi masomo yasivurugike. Mwenzake, mama mtu mzima, alikataa katakata: hiyo ni ibada ya shetani, na shule ya serikali si mahali pake. Karani naye alishikilia kwamba mtoto wa leo hana budi kuijua dunia. Wakabishana hata kahawa ikapoa. Ndipo Mzee alipouliza, "Hilo zimwi lao, Mwalimu, linaitwaje, nalo linataka nini kwa watu?" Kijana hakujua. Mzee akauliza tena, "Na la kwetu?" Hapo hakuna aliyejibu, wala mwandishi huyu hakujibu.

Ubishi wa walimu wale haukuwa wao peke yao. Upande mmoja wa taifa letu unaliogopa zimwi la kigeni, upande wa pili unalishangilia, na ni wachache wanaojiuliza hadithi ya kutisha ina kazi gani katika jamii. Maoni ya makala hii ni kwamba hadithi ya kutisha inayosimuliwa usiku, na mtu anayejulikana, mbele ya watu wanaojua kuwa ni hadithi, si adui wa maendeleo. Adui ni uvumi wa mchana, usio na msimuliaji wala mwisho. Huo umeua watu katika nchi yetu, wakiwamo watumishi wa serikali waliokuwa kazini.

Tuanze na hilo la wageni, kwa ufupi, maana halina siri kubwa. Halloween ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo Kanisa huadhimisha tarehe 1 Novemba na kuifuatisha siku ya kuwaombea Marehemu Wote tarehe 2. Wakatoliki wa Karagwe, na wako wengi, wanazijua siku hizo mbili tangu utoto wao. Lakini huko Ireland na Scotland, kabla ya Ukristo kuenea, majira hayo hayo yalikuwa mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi kali, na watu walisadiki kwamba usiku huo mpaka kati ya walio hai na wafu hulegea. Desturi za zamani zikaishi chini ya jina jipya. Njaa kubwa ya viazi iliyoanza mwaka 1845 ilipowafukuza Waireland wengi kwenda Marekani, walikwenda na desturi zao. Kwao walizoea kuchonga mizizi mikubwa ya bustanini, mfano wa figili. Marekani wakakuta maboga, ambayo ni laini zaidi kwa kisu. Wafanya biashara walimalizia kazi iliyobaki, na leo mavazi na peremende za usiku mmoja huwaingizia fedha nyingi mno.

Basi anayeiita ibada ya shetani anaikuza kuliko ilivyo, na anayeiita maendeleo anaikuza zaidi. Ni kumbukumbu ya wakulima wa nchi za baridi waliokuwa wakiogopa giza la miezi mitano. Sisi hatuna giza la namna hiyo. Mtoto wa Kiruruma akijipaka unga usoni tarehe 31 Oktoba, anaigiza hofu ambayo babu zake hawakupata kuwa nayo.

Lakini hofu zao wenyewe walikuwa nazo, na baadhi yake ziliandikwa zamani sana. Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika kwa Mukama Rumanyika wa Karagwe, huko Bweranyange. Yale waliyoyaona na kuyasikia Speke aliyatia katika kitabu kilichotoka mwaka 1863. (Ziwa dogo lililokuwa karibu na ikulu alilibandika jina la Little Windermere, kwa kukumbuka ziwa moja la kwao, kana kwamba wenyeji walikuwa wakilitazama vizazi vyote bila kulipa jina.) Katika mazungumzo yao Rumanyika alimsimulia mgeni wake habari za kifo cha baba yake, Ndagara. Maiti ya mfalme, alisema, ilishonwa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ikawekwa katika mtumbwi ziwani kwa siku tatu, hata ikaoza na kutoa funza. Funza watatu wakachukuliwa wakapelekwa ikulu, wakakabidhiwa mrithi. Mmoja akageuka simba, wa pili akageuka chui, wa tatu akageuka fimbo. Kisha maiti ikapandishwa mlimani, ikajengewa kibanda, na ndani yake wakaingizwa wasichana watano na ng'ombe hamsini, mlango ukazibwa, wakafa wote kwa njaa.

Msomaji aisome tena habari hiyo polepole. Hakuna bunge la waandishi wa sinema lililopata kutunga jambo la kusisimua mwili kuliko funza wale watatu. Speke alipewa pia habari ya ngoma ndogo iliyowekwa mbele ya wana wa mfalme ili ijulikane nani atarithi. Ilikuwa imetiwa dawa za kila namna, na ndugu zake wote walishindwa kuiinua; Rumanyika akainyanyua kwa kidole kidogo.

Je, ni kweli? Swali hilo ndilo ambalo kila mwanafunzi huliuliza kwanza, nalo lingefaa kuwa la mwisho. La kwanza liwe hili: nani anasimulia, kwa nani, na kwa faida gani? Anayesimulia hapa ni mfalme ambaye ndugu yake mmoja, Rogero kama Speke anavyoliandika jina lake, alikuwa akigombea kiti chake. Anayesikiliza ni mgeni mwenye bunduki. Mfalme ambaye mababu zake hutoka kaburini wakiwa simba na chui si mtu wa kushambuliwa ovyo. Hofu ilikuwa ngao ya kiti cha enzi, nayo ilishonwa kwa ustadi kama ile ngozi ya ng'ombe. Kama wasichana wale watano walikufa kweli mlimani, basi habari hii si hadithi bali ni ushahidi wa dhuluma, na hakuna sababu ya kuifunika kwa kisingizio cha kuheshimu utamaduni. Mwalimu wa historia anaweza kutumia vipindi viwili vizima kwa ukurasa huo mmoja, na darasa lisisinzie.

Wako waliosoma masimulizi ya namna hiyo wakayaita ushenzi wa Mwafrika. Yafaa ikumbukwe kwamba mwaka ule wa 1861 riwaya ya Frankenstein ya Mary Shelley, juu ya kiumbe kilichoundwa kwa viungo vya maiti, ilikuwa na umri wa miaka 43 tangu ichapishwe, na wasomi wa Ulaya walikuwa wakiisoma kwa furaha kando ya moto. Mwaka 1897 Bram Stoker akatoa Dracula, bwana mkubwa wa kaburini anayefyonza damu. Mwaka 1931 riwaya zote mbili zikafanywa filamu huko Marekani, zikapata watazamaji wengi. Zimwi la Mzungu likaitwa sanaa, zimwi la Mwafrika likaitwa giza. Wengi wetu tuliosoma shule za misheni na za serikali tuliimeza kasumba hiyo bila kutafuna.

Turudi sasa uani kwa Mzee. Hadithi ya usiku ina kanuni zake, na kanuni hizo ndizo kinga yake. Katika sehemu nyingi za nchi yetu watoto walikatazwa kusimulia ngano mchana. Mchana ni wa kazi. Msimuliaji anajulikana: ni bibi fulani, ni shangazi fulani, naye kesho yake ataonekana shambani akichimba viazi kama watu wengine. Kuna mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Watu wa pwani wanapoitikia "hadithi njoo, uongo njoo", wanatamka waziwazi, kabla ya zimwi kutoa hata ukucha, kwamba kinachokuja ni uongo wenye utamu. Kwa Wahaya, ambao ni jirani na ndugu wa Wanyambo wa Karagwe, mtaalamu Peter Seitel alikusanya ngano na kuzitoa katika kitabu mwaka 1980, akaonyesha jinsi wasikilizaji wanavyomtaka msimuliaji awe macho yao, atazame mambo yale ili nao wapate kuyaona. Msikilizaji hachukuliwi mateka. Anakwenda kwa hiari yake na anarudi.

Ndani ya uzio huo mtoto hufundishwa mambo makubwa. Ngano ya msichana aliyetiwa ndani ya ngoma na zimwi, akalazimishwa kuimba kila ngoma ilipopigwa, inajulikana kwa sura mbalimbali katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, na kila aliyeisikia utotoni anakumbuka jinsi mama wa msichana alivyoitambua sauti ya mwanawe. Kuna somo gani bora kuliko hilo juu ya mtu mzima mwenye zawadi na maneno matamu anayemwita mtoto pembeni? Na kule Karagwe, mtoto aliyeambiwa kwamba msituni kuna kitu kinachokula watu hakudanganywa sana. Misitu ya Rumanyika-Orugundu na Ibanda-Kyerwa, iliyofanywa hifadhi za taifa mwaka 2019, ilikuwa na wanyama wakali wa kutosha, na mto Kagera una mamba hadi leo.

Uvumi hauna hata kanuni moja kati ya hizo. Hauna msimuliaji, kwa maana kila anayeuleta amesikia kwa mwingine. Haukubali kuitwa uongo. Hauna mwisho, bali hulala na kuamka. Mfano mkubwa kuliko yote katika nchi zetu ni mumiani. Neno lenyewe lina asili ya Uajemi, nalo lilikuwa jina la dawa nyeusi ya kutibu majeraha. Ukoo wake ndio uliozaa pia jina ambalo Wazungu huziita maiti zilizokaushwa za Misri. Wakati wa ukoloni ikavuma kutoka pwani hadi Kongo kwamba Wazungu wana watu wanaokamata Waafrika usiku na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa. Nairobi na Kampala walioshukiwa walikuwa wazimamoto, pamoja na magari yao mekundu. Mwanahistoria Luise White alizikusanya habari hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 2000, akasema jambo linalostahili kufikiriwa: kwamba hata kama hakuna damu iliyofyonzwa, watu walikuwa wakieleza, kwa lugha ya kutisha, utawala ambao kweli uliwanyonya. Tunakubaliana naye. Mkoloni alipochukua ardhi, kodi na nguvu za watu, si ajabu watu wakaona amechukua na damu.

Lakini mkoloni aliondoka mwaka 1961, na mumiani hakuondoka naye.

Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, watumishi watatu wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, yaani watafiti wawili na dereva wao, walikuwa katika kazi ya kuchukua sampuli za udongo. Ukapigwa ukelele kwamba wageni hao ni wanyonya damu. Watu wakakusanyika. Watumishi wale waliuawa na kuchomwa moto pamoja na gari lao. Walikuja kuupima udongo ili mkulima apate mazao zaidi, wakauawa na wakulima.

Mtumishi wa serikali anayeisoma makala hii akiwa ofisini Kayanga, Nkwenda au kwingineko, ambaye wiki ijayo atapanda gari kwenda kijiji asichokijua kuhesabu mifugo, kuchanja watoto au kupima mipaka, ajiulize ni nini kinachomtenganisha na dereva yule. Si barua ya utambulisho. Wala hili si la Tanzania peke yetu, kwani mwaka uliofuata, 2017, katika wilaya za kusini mwa Malawi, watu kadhaa waliuawa kwa uvumi ule ule wa wanyonya damu, na Umoja wa Mataifa ukalazimika kuwaondoa watumishi wake kwa muda. Haifai kuwacheka wanakijiji. Inafaa kuuliza ni nani alipata kuketi nao na kulizungumza jambo la mumiani kabla ya siku ile, kwa lugha yao, bila dharau. Maofisa wetu huogopa kulitaja wasije wakaonekana wajinga, na uvumi hustawi pale ambapo wasomi wanaona haya kuutaja.

Mkoa wa Kagera nao una yake. Tarehe 30 Januari 1962, majuma machache tu baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, upande wa Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko, pamoja na kilio na kukimbiakimbia, kikaambukiza wenzao hata wakafika 95 kati ya wanafunzi 159. Shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Wasichana wakarudishwa makwao, na ugonjwa ukaenda nao. Huko Nshamba watu 217 walipatwa. Madaktari Rankin na Philip walioandika taarifa yake mwaka 1963 hawakupata sumu wala kijidudu. Dunia nzima imeifanya habari hiyo kichekesho, ikidhani watoto wa Kashasha walikuwa na furaha. Walikuwa na hofu. Walimu wengi wa shule za bweni wanayajua mambo ya namna hiyo kwa jina jingine: mapepo. Msichana mmoja anaanguka, anapiga kelele, na kabla ya jioni wameanguka ishirini. Anayeitwa kwanza mara nyingi ni mganga au mwombeaji, ambaye huthibitisha kwamba mashetani wapo, nao huongezeka. Mwalimu mwenye busara huwatenganisha watoto, huwapumzisha, hupunguza watazamaji, kisha huuliza taratibu ni jambo gani linalowaelemea: mtihani, adhabu, njaa, au mtu mzima fulani anayewanyemelea.

Miaka 21 baadaye, mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huo huo. Wananchi waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiletwa kwa magendo kutoka Uganda, na wengi walisadiki kwamba ni uchawi wa wafanya biashara wa ng'ambo waliodhulumiwa fedha zao. Ilikuwa hadithi kamili ya kutisha, yenye kosa, laana na kisasi, isipokuwa hakuna aliyeitikia "uongo njoo". Wakati watu wakitafuta mchawi, ugonjwa ulikuwa ukihama nyumba kwa nyumba.

Watakuwapo watakaosema kwamba tunazipamba ngano kupita kiasi. Je, si ngano hizo hizo zilizotufundisha kwamba kikongwe mwenye macho mekundu ni mchawi? Hoja hiyo ni nzito, na mwandishi huyu hana njia ya kuikwepa. Katika mikoa ya kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, hasa tangu mwaka 2007. Mwezi Mei 2024, wilayani Muleba, si mbali na Karagwe, mtoto mdogo wa kike mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao, na mwezi uliofuata mwili wake ukapatikana ukiwa umekatwa viungo. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, mwezi Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, na bado.

Ni kweli kwamba baadhi ya ngano zetu zimembebesha ajuza mzigo usio wake. Hizo zikisimuliwa, mwalimu asizipitishe bila kuuliza darasa ni kwa nini mwovu wa hadithi amefanywa bibi mjane, asiye na mwana wa kumtetea, wala si mwenye ng'ombe mia. Lakini aliyeuza viungo vya mtoto hakutumwa na zimwi la bibi yake. Alitumwa na bei. Mganga alimwambia kuna utajiri, naye akasadiki, kwa sababu hakuna aliyemzoeza tangu utotoni kuisikiliza habari ya kutisha na kuuliza: nani ananisimulia, na atapata nini nikisadiki?

Waandishi wetu bora wa Kiswahili walilifahamu jambo hili zamani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipata tuzo katika mashindano ya uandishi ya 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Maiti inapatikana mahali pa mizimu, watu wanatetemeka na kusema wahenga wamekasirika. Bwana Msa anawasha kiko chake, anauliza maswali, na muuaji anageuka kuwa binadamu mwenye sababu za kibinadamu. Msomaji anapewa woga wote anaoutaka, kisha anapewa na akili ya kuutibu. Claude Mung'ong'o naye, katika Mirathi ya Hatari ya mwaka 1977, aliuingiza uchawi katika nyumba ya kijana msomi ili tuone unavyomla. Vitabu hivyo vinatoa kitisho halisi na bado ni shule. Filamu za mizimu zilizotengenezwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, hazina fikra za kina kama hizo, na damu yake ni ya rangi ya duka. Hata hivyo ni mizimu inayosema Kiswahili, na mtazamaji anajua wakati filamu imekwisha. Tusiwe wepesi wa kuzidharau.

Tena hofu ya kutungwa haijapata kulingana na hofu yenyewe. Mwezi Oktoba 1978 filamu iitwayo Halloween ilianza kuonyeshwa Marekani, juu ya muuaji mmoja mwenye kisu katika mji mdogo. Mwezi huo huo majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka na kuingia Kagera. Watoto wa mkoa huu waliolala porini usiku ule wakisikiliza mizinga ni watu wazima leo. Baadhi yao wanafundisha. Hakuna haja ya kuwaeleza tofauti.

Sisi tunaoandika magazetini pia tuna sehemu yetu ya lawama. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1938 Orson Welles alitangaza katika redio ya Marekani mchezo wa kuigiza juu ya viumbe wa sayari nyingine walioivamia dunia. Asubuhi magazeti yakaandika kwamba nchi nzima ilikimbia ovyo kwa hofu. Wachunguzi waliofuata wameonyesha kwamba hofu ilikuwapo, lakini waliokimbia walikuwa wachache mno kuliko ilivyodaiwa, na kwamba magazeti yalifurahi kupata la kuishutumu redio. Popobawa alipotikisa Unguja na Pemba mwaka 1995, habari zake zilienea kwa midomo na kwa karatasi, na mgonjwa mmoja wa akili akauawa na watu kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Kichwa cha habari kinachouza nakala nyingi kinaweza kumwua mtu asiyejua hata kusoma.

Sasa, wanafunzi wa Kiruruma wajibiwe nini? Kuwakataza kwa kuwaambia ni shetani ni kuwaongezea uvumi mwingine. Kuwaruhusu wajipake unga na kuiga wasichokijua ni kuwafanya kasuku. Kiswahili cha shuleni kina somo la fasihi simulizi tangu miaka mingi, na katika shule nyingi somo hilo limekuwa orodha ya istilahi za kukariri kwa mtihani: ngano, visasili, visakale. Mtoto anaweza kupata alama zote bila kumsikia mzee hata mmoja akisimulia. Wakati huohuo simu ile ile iliyoleta maboga ina kinasa sauti ndani yake. Wanafunzi watumwe kwa babu na bibi zao, wanase ngano kwa Kinyambo jinsi zinavyosemwa, waziandike, wazitafsiri kwa Kiswahili, kisha wazijadili darasani pamoja na ukurasa wa Speke na habari ya Chamwino. Kazi hiyo haihitaji fungu la fedha kutoka wizarani.

Tuliyazungumza hayo uani kwa Mzee, na wale walimu wawili, kwa mara ya kwanza jioni ile, walielekea kukubaliana. Yule mama alipendekeza Mzee aalikwe shuleni siku ya Ijumaa, saa nane mchana, kabla ya michezo. Mzee alikataa. Ngano hazisimuliwi mchana, alisema, na hatakuwa yeye wa kuanza. Kijana akasema basi iwe saa moja jioni. Mama akauliza ni nani atakayewarudisha watoto makwao gizani, baada ya hadithi ya namna hiyo. Walipoachana walikuwa wamefikia kwamba wazazi waitwe nao, wasikilize pamoja na watoto wao kisha waondoke nao, na kwamba mwalimu mkuu aombwe kibali kwa maandishi. Lililobaki bila jibu lilikuwa nauli ya pikipiki ya Mzee, kwenda na kurudi.